Mwaka Rehema Alipoitwa Mheshimiwa

Hata msiba wake niliuonea wivu. Nilifika nyumbani kwake Chemchem asubuhi, nikidhani nitapata nafasi ndani pamoja na akina mama wa karibu, nikakuta mikeka imejaa sebuleni, imejaa uani, imemwagika mpaka kwa jirani. Wengine walitoka Sikonge, wengine Urambo, na basi zima la akina mama lilikuwa limeingia kutoka Nzega. Nikapata pembe ya mkeka karibu na mafiga, moshi ukinipiga usoni, nikapewa ungo wa mchele nichambue. Binti mmoja aliyekaa karibu yangu akaniamkia, kisha akaniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamwambia tuliwahi kuishi chumba kimoja. "Lo, mama, una bahati!" akasema. "Wanasema yeye peke yake ndiye aliyekibana kile kiwanda mpaka kikalipa ushuru." Nikamjibu, "Ndivyo wanavyosema," nikainamisha kichwa kwenye ungo, nikatafuta mawe mahali ambapo hapakuwa na mawe.

Nina wajukuu sasa. Nilidhani wivu utazeeka pamoja na magoti yangu, kumbe magoti yamezeeka peke yake. Watu husema mwenye wivu hutaka kumpokonya mwenziwe. Mimi sikutaka kumpokonya Rehema kitu. Nilitaka tu mambo yapite kwangu kwanza, kabla hayajafika kwake, hata kama yangepita tu na kuondoka. Na mwaka ule yote yalipita mlangoni petu, mlango mmoja, tukiwa wawili, na kila yalipobisha hodi alikuwepo yeye.

Tulipanga chumba cha uani Gongoni, kwa Bi Tatu, mjane aliyeuza vitumbua na kujua habari za mtaa kabla wenyewe hawajazijua. Vitanda viwili, kila kimoja na ukuta wake. Katikati jiko la mkaa tulilolitoa nje asubuhi na kuliingiza jioni. Juu kamba ya nguo ambayo khanga zangu na zake zilining'inia zimechanganyika mpaka tukawa tunavaa yoyote. Sote wawili tulifanya kazi kiwanda cha mafuta na sabuni, upande wa kufunga sabuni. Magauni yetu yalinuka sabuni, mikate yetu ilinuka sabuni, na Bi Tatu alikuwa akisema wapangaji wake ndio wasafi kuliko wote Tabora na hawaogi. Tulikuwa sawa. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa upande wangu: mimi nilimaliza kidato cha nne, Rehema aliachia njiani, na akina mama wa kiwandani walipokuwa na neno la kumpelekea meneja, walinipa mimi nikaseme. Nilikuwa nikisema vizuri. Hilo nalisema bila haya kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema.

Uchaguzi ulipokaribia, akina mama wa kata walitafuta kijana wa kumpeleka kwenye baraza la madiwani kwa viti maalumu. Kabula, mwenzetu wa kiwandani, mwanamke wa Kinyamwezi mwenye sauti kama filimbi, ndiye aliyewaleta nyumbani kwetu. Walikuja kunitafuta mimi. Hili si jambo la kujitungia. Kabula mwenyewe aliniambia. Lakini siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana, na Rehema alikuwa mapumziko, amebandika matobolwa jikoni. Viazi vile vikavu vilikuwa vimeiva vizuri, akawakaribisha, wakala, wakanywa chai. Wakamuuliza hali ya kiwandani, akawasimulia. Wakacheka. Niliporudi jioni niliwakuta wanatoka, wananipa mkono kwa heshima, wananiita "mdogo wetu." Rehema alikuwa anaosha vikombe. Akaniambia, "Shoga, wameniomba nigombee. Nimewaambia tukusubiri wewe, Mwanaidi, wakasema hakuna haja ya kusubiri." Nikamwambia hongera. Nikaona amenibakishia matobolwa kwenye sahani, yamefunikwa. Nikayala. Yalikuwa yamepoa.

Baada ya kuapishwa, chumba chetu kikawa ofisi. Asubuhi kabla jua halijapanda watu walishakaa kwenye ngazi ya Bi Tatu: huyu mtoto wake hana dawati, yule mtaro wa Mtendeni umejaa maji machafu hadi mlangoni kwake. "Mwangaluka, mheshimiwa," wazee wa kutoka vijijini walimwamkia, watu wenye umri wa kumzaa. Mimi nikiwa bado kitandani, shuka hadi puani, nilikuwa nikisikiliza neno hilo likigongwa mlangoni. Mheshimiwa yupo? Mheshimiwa ameamka? Siku moja mzee mmoja aliponiona natoka na ndoo alinyanyuka, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mheshimiwa," ingawa mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia yeye. Nilisimama pale na ndoo yangu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kabla sijamwambia amekosea.

Jambo lililolikumba baraza mwaka ule lilikuwa kiwanda chetu. Kilipokuja Tabora, halmashauri ilikisamehe ushuru wa huduma ili kijenge na kuajiri watu. Msamaha ule ulikuwa unakwisha, na wenye kiwanda walitaka uongezwe. Madiwani wengi walielekea kukubali. Kiwanda ndicho kilichokuwa kikitoa jezi za timu, ndicho kilichopeleka mafuta na mchele misikitini na makanisani sikukuu zikifika, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekula kutokana nacho. Rehema akasimama kwenye kikao chake cha pili tu, akasema msamaha usiongezwe. Alisema mji hauna zahanati upande ule wa kiwandani, na malori ya kiwanda ndiyo yanayovunja barabara ambayo halmashauri inaitengeneza kwa pesa za wauza nyanya. Jioni ile Bi Tatu aliniletea habari yote pamoja na vitumbua, akaigiza mpaka namna Rehema alivyorekebisha mtandio wake. "Ametetemeka mwanzo," Bi Tatu akasema, "halafu akatulia kama maji ya mtungi." Maneno yale ya wauza nyanya yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema mimi, nikipiga pasi, wiki moja kabla. Rehema hakuyaiba, aliyasikia, yakamkaa, yakatoka. Lakini yalipotoka yalikuwa yake, na sokoni watu waliyarudia kwa jina lake.

Haikupita muda meneja akaniita. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema taratibu kama anayempa mgonjwa dawa. Akaniambia kiwanda kinafungua zamu ya usiku upande wa sabuni, na wameona mimi ndiye ninayefaa kuisimamia. Kama alinipa kwa sababu ya kazi yangu au kwa sababu nilikuwa nalala chumba kimoja na diwani, mpaka leo sijui, na siku ile sikutaka kujua. Nilipewa koti jeupe. Nilirudi nalo nyumbani nimelivaa, ingawa jua lilikuwa kali, nikapita njia ya sokoni iliyo ndefu.

Jioni tulikula ugali na dagaa wa Kigoma. Nilikuwa nimesubiri mlo ule kama bibi harusi. "Shoga," nikamwambia Rehema, "zamu ya usiku nzima chini yangu. Haikuwepo, ndiyo inaanzishwa, na wamenipa mimi. Kazi imezidi, malori yanapanga mstari tangu alfajiri, sabuni haijapoa inapakiwa." Niliongea nikaongea. Niliongeza akina mama wangapi nitakaowaongoza, nikasema meneja kaniambia hajaona mtu kama mimi. Rehema aliacha kula, akanishika mkono ukiwa na ugali, akafurahi. Alifurahi kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimekuja na jiwe, nikamrushia, akalipokea kama ua. Kisha akauliza, "Kwa hiyo biashara inakwenda vizuri?" Nikasema, "Vizuri? Inakimbia!"

Ukafika mwezi ambao mji mzima haukuwa na hadithi nyingine. Meneja alitukusanya kiwandani, akasema kwa sauti ile ile ya dawa kwamba biashara imeshuka, kiwanda kinapumua kwa shida, na ikiwa halmashauri itakataa kuongeza msamaha, zamu ya usiku itafungwa. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na koti langu. Akina mama wa zamu yangu walinitazama mimi, si yeye. Jioni wakaja Gongoni, wamejifunga khanga kiunoni, wakajaa uani kwa Bi Tatu. Kabula akiwa mbele. "Rehema, toka!" akaita, na hakusema mheshimiwa. "Sisi tulikupeleka kule ututoe kazini? Watoto wangu wale ushuru?" Rehema akatoka kichwa wazi, akawasikiliza wote, akajibu neno moja tu: "Nimewasikia, dada zangu. Bado nasema kilipe." Wakazomea. Nilikuwa mlangoni nyuma yake, na moyoni mwangu kitu kikalala chali kwa raha kama paka juani. Kabula akaniona. "Kikao cha wadau ni Jumatano," akasema. "Mwanaidi, wewe ndiye utakayetusemea. Na toka mwanzo ungekuwa wewe!" Akina mama wakapiga makofi. Rehema akageuka kunitazama, nami nikatazama makofi.

Siku tatu zile chumbani tulikuwa kama wapangaji wa nyumba mbili. Alipika, nikasema nimeshiba. Nilipika, akarudi usiku amekula huko aliko. Nguo zangu nikazitenga upande mmoja wa kamba. Nilifanya mazoezi ya hotuba yangu nikiwa naoga, maji yakimwagika ili asisikie.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka madirishani. Aliyeanza alikuwa Mzee Nassoro, diwani wa siku nyingi, ukoo wa Kiarabu wa mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Malori mawili yaliyobeba mbegu za alizeti kwenda kiwandani yalikuwa yake, na kila mtu alilijua hilo, naye hakulificha. Alisimama kanzu ikiwa imenyooka. "Mstahiki Meya," akasema, "mji huu umesimama juu ya njia ya misafara. Babu zangu walipita hapa na vitambaa na chumvi, na kila mtemi waliyempitia aliwadai hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ada ya njia, halali kabisa. Wako watemi waliotaka kidogo, wakapata siku zote. Wako waliotaka nyingi, misafara ikawakwepa, ikapita njia nyingine, na miji yao leo ni vichaka. Tusiwe vichaka." Watu wakacheka na kupiga meza. Hata mimi nilimpenda.

Rehema akasimama. "Mzee wangu, shikamoo," akaanza.

"Marahaba, binti yangu."

"Misafara ilikuwa inapita, mzee. Inalala usiku mmoja, kesho haipo. Huyu hapiti. Huyu amekaa, amejenga, maji anayanywa hapa na maji machafu anayamwaga hapa. Anayekaa kwako hadaiwi hongo. Anaulizwa, mwenzetu, na wewe utachangia nini?"

Minong'ono ikazunguka ukumbi. Mstahiki Meya akaita msemaji wa wafanyakazi. Nikasimama na koti langu jeupe, nikasema. Ninaweza kuirudia hotuba ile leo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisema juu ya mama anayerudi alfajiri na mikono iliyochubuka kwa magadi, akapitia dukani akatoka na unga, na unga huo ndio zahanati yake, ndio barabara yake. Nilisema kiwanda kikipiga chafya, Tabora nzima inaugua mafua. Nilisema biashara imeshuka, na asiye na kitu hadaiwi. Kabula alikuwa analia waziwazi. Makofi yalipokuja yalikuwa mengi kuliko ya Mzee Nassoro, na kwa kitambo kile, nikiwa nimesimama, mikono imeshika mgongo wa kiti, sikumwonea mtu yeyote wivu duniani. Sijawahi kurudi mahali pale tena.

"Naomba kumuuliza msemaji swali," Rehema akasema. Hakuniita Mwanaidi, wala shoga. Alinitazama kwa macho niliyoyajua, macho ya mtu anayekaribia kukupasua jipu. "Msemaji ni msimamizi wa zamu ya usiku. Nataka atuambie jambo moja. Mwaka jana, kiwandani kulikuwa na zamu ya usiku?"

Nikaelewa papo hapo anakotaka kunifikisha, na kwamba njia ya kufika huko nilimchorea mwenyewe, mdomo ukiwa na dagaa. Meneja alikuwa safu ya mbele, amekunja mikono, ananitazama kwa upole. Ningeweza kusema ilikuwepo, madiwani wasingejua. Ningeweza kusema sikumbuki. Watu walionisikia nikilisimulia hili hunisifu, husema nilikuwa mkweli. Haikuwa hivyo. Niliona kwamba kama ningedanganya, Rehema angejua. Asingeniumbua pale mbele za watu, nilimjua. Angekaa chini, angeshindwa, jioni angerudi nyumbani, angebandika chai, na angenisamehe. Kiwanda kilitaka msamaha wa madiwani. Mimi wa Rehema nisingeuweza kuubeba.

"Haikuwepo," nikasema. "Imeanza mwaka huu."

"Na imeanza kwa sababu gani?"

"Kazi ilizidi."

"Ahsante," akasema, akaketi.

Sikumbuki nilivyoketi. Nakumbuka Kabula akijivuta kando kidogo kwenye benchi, kama mtu aliyeketi karibu na mwenzake aliyelowana. Mchana madiwani waliamua: msamaha usiongezwe. Hata Mzee Nassoro aliinua mkono mwishoni, akisema hesabu ikishajulikana mfanyabiashara habishani nayo. Na zamu ya usiku haikufungwa. Ingefungwaje, na malori yalikuwa nje? Aliyeondolewa ni mimi. Meneja aliniita, akaniambia sina kosa lolote, ni mpangilio tu umebadilika, akanyoosha mkono kupokea koti. Nikarudi kufunga sabuni, meza ile ile niliyoanzia, na msimamizi wangu akawa Kabula. Akina mama walionizomea kwa siku chache walisahau upesi kwa sababu kazi ilikuwepo. Hasira ilipowaisha kwangu, ikawaisha kwa Rehema pia, halafu ikageuka sifa. Kufikia mvua za kwanza, msingi wa zahanati ukichimbwa, jambo lote lilishapata jina: ushuru wa Rehema. Hakuna aliyemtaja yule aliyejibu swali.

Ijumaa moja ya mvua hizo, akina mama wa Mtendeni walikuja kumchukua. Mtaro wao ulikuwa umeanza kuchimbwa, wakataka kumtunza. Zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nilikuwa nimepata uyoga mzuri barabarani, ule mpana wa msimu, nimeupika kwa karanga, na ugali nilikuwa ndio nausonga. Wakaingia uani na ngoma ndogo, vigelegele vikapasua, Bi Tatu akiwa katikati yao na unga wa vitumbua mikononi. Wakamvisha Rehema khanga mpya juu ya nguo zake. Yeye akaingia chumbani nilimokuwa, akafunga mlango, akawaacha nje.

"Twende wote," akaniambia.

"Sijaitwa."

"Nakuita mimi."

"Ndiyo maana siendi."

Akakaa kitandani kwake. Khanga mpya ilikuwa ngumu bado, ilimsimama mabegani kama karatasi. Tulikuwa hatujaongea vizuri tangu siku ya kikao. Nikageuza ugali, mwiko ukigonga sufuria, na bila kumtazama nikamuuliza, "Ulijua watanivua koti?"

"Nilijua."

"Ukauliza hivyo hivyo."

"Mle ndani hapakuwa na mwingine ambaye wangemwamini, Mwana. Ningesema mimi, wangesema ni siasa."

"Kwa hiyo ulinitumia."

Nilingoja ajitetee. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila neno ambalo angelisema: kwamba ni kwa ajili ya mji, kwamba hakuwa na njia, kwamba aniwie radhi. Alitazama mikono yake, mikono ambayo ilikuwa bado na mabaka ya magadi kama yangu. Uso wake ulikuwa umechoka kwa namna ambayo watu wa nje hawakuwa wameiona, na nilivyomtazama nikagundua amekonda, na kwamba kwa wiki zile zote alikuwa akilala kitanda cha pili akiwa ameliweka jambo hili kifuani, hatua tatu kutoka nilipolala mimi.

"Ndiyo," akasema. "Nilikutumia. Na kesho ingekuwa Jumatano ile tena, ningekuuliza tena."

Nje wakaanza kumwita. Mheshimiwa! Mheshimiwa, twende, mvua inakuja! Akasimama, akasubiri aone kama nitasema neno. Nilikuwa nimeutamani uso wake, jina lake, kiti chake, hata namna alivyorekebisha mtandio. Lile jibu sikulitamani. Kati ya vyote alivyokuwa navyo, hicho peke yake niliona bora kimkalie yeye.

Akafungua mlango, kelele ikaingia, akatoka, ukajifunga nyuma yake. Nikaipua ugali. Nikapakua wa kwangu na uyoga wake, nikala. Ulikuwa mtamu kupita uyoga wote niliowahi kupika. Kisha nikapakua wa kwake, nikaula nao, taratibu, tonge kwa tonge, nikisikiliza vigelegele vikipungua kuelekea Mtendeni, mpaka sufuria ikabaki nyeupe.